Kilima cha Kiriri hakifichi ugonjwa wa gari

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

FUNDI tuliyemtoa Buyenzi hakutazama rangi wala viti. Alipoingia uani aliweka kiganja juu ya boneti, akatulia, kisha akaninong'oneza: "Kaka, hili limeshawashwa asubuhi hii."

Ilikuwa saa moja na nusu, mtaa wa Kiriri, juu ya jiji la Bujumbura, ambako ukisimama getini unaliona Ziwa Tanganyika chini yako na milima ya Kongo ng'ambo. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Carina Ti jeupe. Mnunuzi alikuwa binamu yangu, muuguzi, aliyeweka akiba kwa miaka mitatu katika kikundi cha wanawake wenzake. Mwenye gari, mzee mstaafu, alikuwa ametuomba tusifike kabla ya saa moja. Sasa tulijua kwa nini.

Injini iliyopashwa moto huficha mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo, na mlio wa vyuma vinavyongoja oili ipande. Fundi akaomba kwa adabu: "Mzee, turuhusu lipoe kwanza." Tukakaa kivulini karibu saa mbili, na yeye akaanza kutusomea gari kama mtu anayesoma cheti cha hospitali.

Umri na bei

Carina ya aina hii ilitengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001, kisha Toyota ikaleta Allion mahali pake. Hata iliyo changa kuliko zote imepita miaka 20. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango magari yaliyozidi miaka 15. Hapa Bujumbura yaliyokwishaingia yanaendelea kupita mkono hadi mkono, na bei haishuki. Kinachoshuka ni faranga. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani yake kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo wenye magari wengi wanayaona kama akiba iliyo salama kuliko noti. Kwa hiyo bei kubwa si ushahidi wa uzima wa gari. Ni ushahidi tu kwamba magari ni haba.

Ti inapendwa kwa sababu ya kweli. Injini yake ya 5A-FE, ya lita moja na nusu, ni nyepesi kutengeneza, na Buyenzi ni vigumu kumkosa fundi anayeijua. Lakini ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akisita, hesabu mkanda mpya ndani ya bei.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi usiiamini peke yake. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari linalodai kilomita 90,000 huku pedali imelika hadi chuma limewahi kufanya kazi ya teksi, au saa yake imerudishwa nyuma. Inua pia mipira ya milango: rangi ya chini yake ikitofautiana na ya nje, gari limepakwa upya. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha palipojazwa puti, kwa kuwa haitashika.

Kisha karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ikianza na AT212, hiyo ni injini ya lita moja na nusu. AT211 ni ya lita 1.8. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi ya gari, ile ambayo huku tunaiita karte roze. Jina lililoandikwa humo likiwa la mtu mwingine, usilipe mpaka mtu huyo apatikane.

Usukani wa jirani

Kuna jambo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi halimsumbui. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo upande wa kulia. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini gari lililoshushwa bandari ya Dar es Salaam bado hubadilisha upande wa barabara likivuka Kobero, huku usukani ukibaki kulia.

Mjini utazoea. Barabara ya kupanda Bugarama, yenye kona na malori, ni habari nyingine: dereva haoni mbele mpaka gari zima litokeze, na abiria wa kushoto ndiye anayekuwa macho yake. Taa nazo zilitengenezwa kumulika ukingo wa kushoto. Hapa humpiga machoni anayekuja. Uliza kama zimerekebishwa.

Usisahau petroli. Baada ya miaka ya foleni na uhaba, magari mengi ya Bujumbura yamelala wiki nzima au yamenyweshwa mafuta ya madumu yasiyojulikana yametoka wapi. Chujio na pampu ya mafuta ndivyo huumia kwanza. Gari likisitasita unapokanyaga kwa nguvu, anzia hapo.

Kilima ndicho hakimu

Injini ilipopoa, fundi alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa ya rangi ya kutu. Likawashwa, na ndani ya dakika moja mapovu yakaanza kupanda, yasikome. Hakusema neno.

Tukashuka hadi chini ya mteremko, tukageuka, tukapanda Kiriri kwa gia ya pili. Gari zima hupanda hapo bila mshale wa joto kupita katikati. Katikati ya kilima breki ya mkono ivutwe: ikishindwa kulishika, utajua. Ukishuka, achia mafuta, liache gari lizuiliwe na gia, halafu kanyaga ghafla ukitazama kioo. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili.

Letu halikutoa moshi. Breki ya mkono ilishika, gia zilikuwa laini, na uso wa binamu yangu ulianza kung'aa. Lakini kabla hatujafika kileleni mshale wa joto ulikuwa umepita katikati na unaendelea.

"Gasketi ya silinda hedi imekwisha," fundi alisema tuliposimama. "Hedi yenyewe ikiwa imepinda, hatutajua mpaka tuifungue."

Mzee alipunguza bei papo hapo, kisha akapunguza tena. Akatwambia kuna mteja mwingine anakuja saa sita. Binamu yangu akamvuta fundi pembeni.

"Kaka, ningekuwa dada yako wa tumbo moja?"

"Ningekwambia turudi nyumbani, dada."

Tulimshukuru mzee, tukamlipa fundi ujira wa asubuhi yake, tukateremka Kiriri kwa miguu. Binamu yangu alinung'unika njia nzima, maana kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri na angelazimika tena kungoja basi. Lakini akiba ya miaka mitatu bado iko kikundini, nzima.