Umepata mgeni kutoka majuu? Usimfungie Masaki!

KUNA ugonjwa mmoja unawakumba sana watoto wa mjini wakipata mgeni kutoka majuu. Dalili zake ni hizi: jamaa ambaye mwaka mzima anakula kwa mama lishe, ghafla anaanza kuulizia kapuchino. Anayegombea daladala ya Mbagala kila asubuhi anasahau hata kituo chake, anaita teksi. Nyumbani kwao Tandika hapatajwi kabisa. Mgeni akiuliza anaishi wapi, anajibu, "Ah, upande ule."

Basi mgeni anapelekwa Masaki. Kesho yake Masaki tena. Keshokutwa anazungushwa Mlimani City, anatazama viatu na simu zilezile alizoziacha kwao. Wiki inakatika, mshiko wa mwenyeji nao unakatika, na mgeni anapanda ndege hajaiona Dar es Salaam. Alichokiona ni wewe ukizuga.

Hapo ndipo penye kasheshe, msomaji wangu. Mgeni hakupanda ndege kufuata ghorofa, kwao zipo. Amekuja kwa sababu mmejuana, na anataka kuona mji uliokulea. Ukimficha atagundua tu, na ataondoka akijiuliza kama kweli anakujua.

Jua mji wako kwanza

Akikuuliza jina la Kariakoo limetoka wapi, utamjibu nini? Wengi wetu hapo tunaishia kucheka tu. Sasa sikiliza, ujipatie ujiko wa bure.

Anzia kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora. Waingereza waliiweka mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Wabeba mizigo wale walikuwa wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walipopiga kambi nje kidogo ya mji wa wakati ule, midomo ya Waswahili ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kwa hiyo ukimtembeza mgeni kwa miguu kutoka Askari, mkapita Mnazi Mmoja hadi sokoni, mnafuata hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mkifika, mwambie kwamba jengo la soko lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Mwambie pia kuhusu moto wa Julai 2021. Halafu mwache ashangae mitaa, watu, mikokoteni na kelele. Simu aiweke mfuko wa mbele, vibaka hawana habari na utalii.

Kama ni mtu wa vitabu, Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Humo linatunzwa fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Watu wanatoka mbali kulitafuta, wewe unapita nje kila siku unakwenda zako Posta!

Mwamshe mapema

Siku moja mtoe kitandani alfajiri, mwende Feri. Boti zinaingia, samaki wanamwagwa, mnada unaanza. Hapo hakuna aliyevaa kwa ajili ya mtalii. Utawaona changu, vibua, pweza, na akina mama wanaohesabu pesa haraka kuliko mashine ya benki. Nunueni samaki wenu, wakaangwe palepale.

Mkishashiba, ingieni kwenye pantoni mvuke kwenda Kigamboni. Ni safari ya dakika chache na nauli yake haimfilisi mtu, lakini mji mzima unauona kutoka majini, na meli kubwa zikipita kwenye mlango wa bandari. Kurudi mnaweza kuzungukia Daraja la Nyerere, lile la nyaya lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Ila mkanye mapema: kamera na majengo ya Serikali au ya jeshi havipatani. Ikulu iko jirani na Feri, msije mkamalizia matembezi kwenye benchi la maofisa.

Usafiri? Mpandishe mwendokasi, mpandishe na daladala. Mkiwa mmebanana mle ndani, msimulie kwamba zamani shilingi tano mtaani iliitwa dala, na makondakta wa mabasi yale ya kwanza walikuwa wanaitangaza nauli, "Dala! Dala!" Jina likaganda mpaka leo.

Tumbo nalo linatembea

Mwonjeshe chipsi mayai, maana hiyo ndiyo sahani ya mji huu. Jioni mteremshe Coco Beach ale mihogo ya kukaanga na kachumbari, ashushie dafu. Pilipili atangulize kidogo, asije akajifanya shujaa mbele za watu. Maji anywe ya chupa, wala usione ni maringo, tumbo lake halijazoea ya kwetu. Ukipita Oysterbay, mwonyeshe picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, na mtindo ukabeba jina lake.

Mshiko ni wa nani?

Hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjika. Kuna wenyeji wanaoona mgeni ni benki inayotembea. Kinyago cha Mwenge kinatajwa bei mara mbili, mgeni analipa, jioni mwenyeji anarudi kuchukua cha juu chake. Huo ni usanii, tena wa kipuuzi, kwa sababu rafiki akishajua umemuuza kwa vijisenti, basi tena.

Wengine wanafanya kinyume chake: wanakopa ili waonekane wanazo. Mgeni anaondoka Jumapili, Jumatatu mdai yuko mlangoni.

Dawa ni moja, kusema mapema. Siku ya kwanza mwambie, "Bwana, usafiri na chakula cha mtaani nitamudu, boti ya Bongoyo tutachanga." Mweleze pia kwamba kwenye vivutio vingine mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, na kwamba bei hiyo hukuipanga wewe. Mtu mwenye akili hachukii ukweli wa namna hiyo.

Na nyumbani afike

La mwisho ndilo zito. Mpeleke kwenu. Ndiyo, hukohuko uswahilini, kwenye uchochoro, choo cha uani na jirani anayefungulia singeli mpaka bati linatetemeka. Mfundishe kumwamkia mama, "Shikamoo," hata kama itatoka imepinda. Mama atacheka, ataitika "Marahaba mwanangu," na kuanzia hapo huyo si mgeni wako peke yako tena. Atakalishwa mkekani, atapakuliwa wali na samaki wa nazi, na watoto wa jirani watajazana mlangoni kumtazama anavyohangaika na mkono wa kulia.

Unaona aibu? Aibu ya nini? Nyumba hiyo ndiyo iliyokusomesha ukafika mahali pa kujuana naye. Picha za hoteli atazisahau, maana ziko dunia nzima. Wali wa mama yako haupo kwingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini majembe hatuna, lakini mbuzi ya kukunia nazi ipo. Mpe akune, umpige picha.

Haya, kazi kwenu!