Swichi nne zinazogeuza mota

Kioo cha gari hupanda na kushuka kwa mota ileile moja. Kinachobadilika ni njia ya umeme tu. Ukiingilia waya huu na kutokea ule, mota inazunguka kulia. Ukigeuza, inazunguka kushoto. Kwa mkono ungebadilisha nyaya kwenye betri, basi. Maikrokontrola haina mikono.

Wanafunzi wengi hukimbilia kuchomeka mota kwenye pini ya Arduino Uno, bodi yenye maikrokontrola. Wasifanye hivyo. Pini ile inafaa kutoa miliampea 20 hivi, na 40 ndio ukomo wake, ilhali hata mota ya gari la kuchezea ikikwama huvuta mamia. Pini itoe amri. Umeme wa mota upite pengine.

Hapo pengine ni saketi yenye umbo la herufi H. Mota iko kwenye mstari wa katikati, na transista nne, zikifanya kazi ya swichi, ziko kwenye nguzo mbili za pembeni. Ikiwaka ya juu kushoto pamoja na ya chini kulia, mota inakwenda upande mmoja; zikiwaka zile mbili nyingine, inarudi. Ole wako ziwake zote mbili za nguzo moja: umeme unashuka kutoka chanya hadi hasi bila kuigusa mota. Ni shoti, na transista zinaungua.

Chipu ya L298N, inayotumika sana kwa mafunzo, inakukinga na kosa hilo kwa sababu kila nguzo ina pini moja tu ya amri. Pini ikipata umeme, transista ya juu inawaka. Ikikosa, inawaka ya chini. Pini mbili zikipewa amri moja, mota inafunga breki. Ila chipu hii ni ya zamani na ina ulafi: hula volti mbili hivi, hata zaidi, kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri ya volti 6 isikudanganye.

Jambo ninalotaka lifundishwe kwa mkazo zaidi ni kusubiri. Mota inayozunguka huzalisha volti zake zinazopingana na za betri. Ukiigeuza ghafla ikiwa kasi, volti hizo zinajiunga na za betri, na mkondo unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa mota iliyokwama. Kwa hiyo programu izime kwanza, isubiri, igeuze, kisha iongeze mwendo polepole. Nusu sekunde huitosha mota ndogo. Ya geti zito huhitaji zaidi, maana geti lenyewe bado linaisukuma.