Windows 10 yastaafu, vyuo vikuu vyaachiwa hesabu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwa mwenye kompyuta moja nyumbani, kuhamia Windows 11 ni shughuli ya jioni moja. Kwa chuo kikuu chenye maabara, maktaba, ofisi ya uhasibu na idara lukuki, ni mradi wa mamilioni ya shilingi. Na tarehe yenyewe iliangukia pabaya. Vyuo vingi vya Tanzania hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, wakati mafundi wa TEHAMA wanahangaika na usajili wa wanafunzi wapya, na bajeti iliyoanza Julai ilishapitishwa zamani.

Kinachowapoteza viongozi wengi ni kwamba kompyuta hazikuzimika siku ile. Zinawaka na kuchapa kama kawaida, ila hazipati viraka vipya vya usalama. Kukosa kiraka kuna gharama: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivamia kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za umma za Uingereza, ilhali kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Chuo kinachotunza matokeo ya mitihani na kumbukumbu za ada hakiwezi kubahatisha.

Leseni ni ndogo, mashine ni kubwa

Mwenye Windows 10 halali hapandishiwi bei: kuhamia Windows 11 ni bure. Kikwazo ni mashine. Mfumo mpya unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane, au cha AMD cha rika hilo. Vichakataji hivyo vya Intel vilianza kuuzwa 2017, kwa hiyo kompyuta nyingi za kabla ya hapo zimeachwa nje. Desemba 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingekosa sifa. Maabara za Afrika Mashariki, ambazo nyingi zimejazwa kwa misaada na mashine za mtumba, zinaguswa moja kwa moja.

Hatua ya kwanza basi ni daftari la mali, si zabuni. Kila kompyuta iandikwe mahali ilipo, kizazi cha kichakataji, RAM, diski na anayeitumia. Baada ya hapo zitagawanyika makundi matatu: zinazohamia leo, zinazohitaji kuongezewa RAM, kubadilishiwa diski au kuwashiwa TPM iliyozimwa, na zisizohamika kabisa. Kundi la pili ndilo linalookoa fedha, na ndilo linalosahaulika chuo kinapokimbilia kununua.

Kwa kundi la tatu kuna mlango mwingine. Microsoft inauza masasisho ya usalama ya ziada kwa miaka mitatu, hadi Oktoba 2028. Kampuni ya biashara hulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Taasisi ya elimu hulipa dola 1, kisha 2, kisha 4. Tuchukue mfano wa chuo chenye kompyuta 400 zisizohamika. Kuzibadilisha zote kwa mkupuo, tukikadiria dola 500 kwa moja, ni dola 200,000. Kuzilinda kwa miaka mitatu hakuzidi dola 2,800, na katika muda huo chuo kinaweza kununua theluthi moja kila mwaka bila kuvuruga mafungu mengine.

Bei hiyo si sadaka. Mwanafunzi aliyezoea Windows leo ndiye afisa atakayeiagizia ofisi kesho. Hata hivyo, kwa mhasibu wa chuo ni nafuu ya kweli, mradi isigeuke kisingizio cha kulala.

Zabuni isiyotaja kizazi

Ununuzi wa umma una kalenda yake. Tanzania hupitia mfumo wa zabuni wa kielektroniki wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kenya inaongozwa na sheria ya 2015. Kutangaza, kutathmini na kupokea mzigo huchukua miezi, na kosa dogo kwenye maelezo ya zabuni huishi na chuo kwa miaka. Kosa la kawaida ni kuandika “Core i5” na kuishia hapo. Ipo Core i5 ya 2013 na ipo ya 2023. Mzabuni akileta ya kwanza hajavunja mkataba, ila mashine haitapokea Windows 11. Zabuni itaje kizazi, TPM 2.0 na muda wa dhamana. Rahisi ghali.

Mashine zikishafika, gharama inahamia kwenye intaneti na muda wa watu. Faili la kusakinishia lina zaidi ya GB 5. Kompyuta 1,000 zikilipakua kila moja kivyake, ni zaidi ya GB 5,000 kupitia njia ileile inayotumiwa na wanafunzi. Mafundi wenye uzoefu hulipakua mara moja kwenye seva ya ndani, hulijaribu katika maabara moja na ofisi moja, kisha hulisambaza wakati wa likizo.

Majaribio hayo ndiyo hufichua yaliyojificha. Moodle ya kufundishia na Koha ya maktaba, zinazotumika kupitia kivinjari, hazina shida. Shida iko kwenye printa za zamani na vifaa vya maabara za sayansi, maana Windows 11 haina toleo la biti 32, na kifaa chenye programu ya kukiendesha ya aina hiyo hakitatambuliwa. Hakuna haja ya kutupa kifaa cha bei kubwa kwa sababu ya kompyuta iliyo pembeni yake. Iachwe na mfumo wa zamani, itengwe na mtandao.

Mafundi wa mtaani na njia ya Linux

Wanafunzi wengi huenda kwa fundi wa mtaani kupiga windo, yaani kusakinishiwa Windows. Wapo mafundi wanaokwepa masharti ya TPM, na kompyuta huwaka vizuri tu, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Tena Windows 11 katika kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa usimbaji. Asiyehifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 anaweza kupoteza tasnifu nzima. Chuo kikiweka dawati la huduma wakati wa usajili, kwa ada ndogo, kitapunguza hatari kwenye mtandao wake na kuingiza chochote.

Kwa mashine zilizokataliwa, Linux ni chaguo la kweli. Ubuntu 24.04 ni bure na inahudumiwa hadi 2029. LibreOffice, R na QGIS hufanya kazi ndani yake. AutoCAD haifanyi, kwa hiyo maabara ya uhandisi si pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam si mgeni katika njia hii: mradi wake wa Kilinux ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Akiba itakayopatikana iende kwenye kufundisha watumishi, vinginevyo mashine zitafunikwa vumbi.

Zitakazoondolewa zifutwe diski kabla ya kuuzwa au kugawiwa. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na rekodi za wanafunzi zimo.

Mfumo endeshi si tukio la mara moja. Hata matoleo ya Windows 11 ya elimu huhudumiwa miezi 36 tu kila moja. Kompyuta ikipewa umri wa miaka mitano, chuo kinapaswa kubadilisha moja ya tano kila mwaka na kuliwekea jambo hilo fungu lake, kama umeme na maji. Masasisho ya kulipia yanakoma Oktoba 2028, na zimebaki bajeti chache kabla ya hapo. Wakuu wa vyuo waliweke fungu hilo kuanzia bajeti ijayo.