Mgongo wa Mnyonge Hutibiwaje?

Mwambie kuli wa bandarini apumzishe mgongo wiki mbili, na utakuwa umemwambia alale njaa wiki mbili. Ataitikia kwa adabu, apitie duka la dawa anunue diklofenaki, na alfajiri atakuwa kazini. Wala hajakosea sana. Maumivu ya kiuno yakishapita miezi 3, ambayo madaktari huyaita sugu, kulala kitandani hakuyaponyi: misuli hulegea, viungo hukakamaa, na woga wa kujisogeza huongezeka.

Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya chini ya mgongo, na ndiyo yanayoongoza kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10 hakuna mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi ya kunyooshewa kidole. Hapo ndipo picha za mgongo zinazopigwa hospitalini zinapopotosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wa miaka 80, asilimia 96. Mara nyingi, basi, diski iliyochakaa ni kama mvi: inaonyesha umri tu. Lakini mtu aliyeuza mbuzi kulipia kipimo, akiambiwa "pingili zimesagika", hurudi nyumbani akiogopa hata kuinama kuwasha jiko.

Woga huo hufanya kazi mwilini. Mishipa ya fahamu ikichokozwa kwa miezi mingi huwa myepesi kupiga kelele, na kukosa usingizi, msongo wa kazi na wasiwasi wa kodi ya nyumba huikoleza zaidi. Maumivu ni ya kweli, hayaigizwi. Ila ukali wake hausomeki kwenye diski peke yake. Mtafiti Chinonso Igwesi-Chidobe, alipowachunguza wanavijiji wa Nigeria wenye maumivu sugu ya mgongo, aliona kwamba jinsi mtu anavyoyaelewa maradhi yake, pamoja na hofu na wasiwasi alionao, inahusiana sana na kiasi anachoshindwa kufanya shughuli zake.

Je, kueleweshwa kunaweza kuwa tiba kwa mtu asiye na fedha wala elimu kubwa? Mwanasaikolojia Beverly Thorn na wenzake walilijaribu swali hilo Alabama, Marekani, katika kliniki zinazohudumia maskini. Walikuwa na wagonjwa 290 wenye maumivu sugu, wengi wao wanawake, na zaidi ya theluthi moja uwezo wao wa kusoma ulikuwa chini ya kiwango cha darasa la tano. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kisaikolojia za kuyakabili maumivu: kuyatambua mawazo ya kukata tamaa, kujilegeza, kuigawa kazi mafungu badala ya kuimaliza kwa mkupuo na kuugua siku mbili. Kundi la pili lilielimishwa tu kuhusu maumivu. La tatu liliendelea na matibabu ya kawaida. Vitabu vya mafunzo viliandikwa upya kwa maneno mepesi, na watu walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 10.

Matokeo yalitoka mwaka 2018. Makundi yote mawili ya mafunzo yalipata nafuu zaidi kuliko lile la matibabu ya kawaida. Miezi 6 baadaye, nafuu ya maumivu ilibaki kwa walioelimishwa, lakini ilififia kwa waliofundishwa mbinu. Nafuu katika uwezo wa kufanya shughuli ilidumu kwa makundi hayo yote mawili. Kumweleza mtu mwili wake, kwa lugha anayoishika, kulitosha kuleta tofauti.

Boston nako, wagonjwa 320 wa mgongo, wengi wao wa kipato cha chini, walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Darasa la yoga la kila wiki, kwa wiki 12, halikuzidiwa na fiziotherapia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Desemba 2023. Linapendekeza elimu, mazoezi, tiba za kisaikolojia na, inapofaa, dawa za jamii ya ibuprofeni. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa uti wa mgongo, wala dawa za jamii ya mofini.

Wapo wasiopaswa kungoja darasa lolote: mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia mkojo au choo, au mwenye mguu unaozidi kuishiwa nguvu, homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo. Hao waende hospitali mara moja.

Waliobaki wanahitaji chumba, mtu aliyefunzwa kuongea nao, na saa moja na nusu kwa wiki, karibu na nyumbani ili nauli isiwe kikwazo, na wakati usiogongana na kibarua. Hakuna muuzaji anayenufaika na saa hiyo, ndiyo maana hutaiona ikitangazwa kama mikanda inavyotangazwa. Wizara na zahanati zisipoitengea bajeti na watu, maskini ataendelea kugharamia picha zinazomtisha na vidonge vinavyomchosha tumbo, huku tiba nafuu ikibaki kwenye majarida.