Keki imeliwa, mwokaji amelipwa?

Kipaimara kimekwisha, picha zimepigwa, na keki ya ghorofa tatu imeliwa hadi chembe ya mwisho. Aliyeioka bado anadai nusu ya fedha yake.

Mama huyu huoka nyumbani. Unga, mayai, siagi na sukari alinunua kwa fedha taslimu. Keki ilipoiva aliiacha ipoe kabisa kabla ya kuipamba, maana ikipakwa krimu ingali moto, krimu huyeyuka. Hivyo alikesha. Leo akiulizia salio lake, anajibiwa, “Mama, si tunasali pamoja? Vumilia kidogo.”

Wapendwa, Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hadi asubuhi. Yakobo 5:4 inaonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio cha waliodhulumiwa humfikia Bwana. Kwa kuwa huyu ni ndugu yetu katika Kristo, tulipaswa kumlipa kabla ya wapambaji na wapiga picha.

Kama una deni la sherehe, usingoje Jumapili ijayo. Kumbukumbu la Torati 24:15 imetaja saa: kabla jua halijatua.