Kitambaa Kilichobebeshwa Lawama

Kabla ya kuuita Ukimwi, watu wa Bukoba waliuita ugonjwa huo Juliana. Lilikuwa jina la kitambaa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 maduka yalikuwa matupu, na nguo zilivuka kutoka Uganda kwa magendo. Mwanamke asiye na fedha aliweza kukilipia kitambaa hicho kwa mwili wake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walipothibitishwa, Ndolage wilayani Muleba, watu wakaona wamejua mchawi ni nani: ni nguo.

Mfanyabiashara hatajwi katika jina hilo, wala mume aliyekuwa na hela ya magendo na nyumba ndogo ng'ambo. Imetajwa nguo, tena kwa jina la kike. Ni utetezi uleule wa "shetani alinipitia", kana kwamba msemaji alikuwa amesimama tu kando ya njia.

Kishawishi huja vipande vipande. Unakipapasa kitambaa. Unauliza bei. Unaambiwa, "Chukua tu, tutaelewana." Unakificha chini ya godoro, na nadhani usaliti umeshaanzia hapo chini, kabla haujapanda juu.

Kwa Wahaya, wenyeji wa Bukoba, nguo ina uzito wa pekee. Kwa desturi, msimu wa senene, panzi wanaoliwa, mke aliwakusanya, akawaandaa, akampa mumewe; naye mume alimshukuru kwa nguo mpya. Sasa mfikirie mke ambaye senene wake wameliwa na nguo haikuja. Kinachomsogeza kwa mchuuzi si tamaa peke yake, anahisi anadai. Hilo halimsafishi, ila linaeleza kwa nini dhamiri yake ilinyamaza: mtu anayejiona anachukua haki yake haoni kwamba anaiba.

Wanaume nao wana daftari lao. Mvuvi aliyekaa wiki kadhaa kambini katika kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, huhesabu baridi, mawimbi na usiku wa kukesha, kisha hujiambia kwamba ameteseka vya kutosha kwa ajili ya watoto wake. Anajilipa. Mkewe kule bara naye alikesha, na mtoto mwenye homa, lakini usiku huo haumo kwenye daftari la mumewe.

Siku hizi kitambaa kimekuwa muamala. "Nimekutumia ya vocha," unasema ujumbe. Mvuvi anausoma mara mbili pale mwaloni, anaufuta, ndipo anapanda boti ya kurudi nyumbani.