Dawa Ipi? Istilahi katika Kupashana Ufumbuzi wa Maradhi ya Mikorosho

Mkulima wa Lukuledi aonapo maua ya mikorosho yake yananyauka, aghalabu hamwendei bwana shamba kwanza. Humwuliza jirani, au humpigia simu ndugu yake aliyeko Newala, naye hujibu papo hapo: "Hayo ni maradhi, piga dawa." Shauri limetolewa kwa moyo mwema. Lakini ni dawa ipi? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi neno moja linavyoweza kumpotezea mtu mavuno ya mwaka mzima.

Mikoa ya Kusini inayajua madhara ya maradhi haya. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Ulipofika msimu wa 1989/90 zilikuwa zimebaki takriban 17,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei ndogo na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mashamba yao wakati wa kuanzishwa vijiji. Mojawapo ilikuwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia machipukizi, maua na korosho changa, na kuvifunika kwa kitu cheupe mfano wa unga. Huo ndio ubwiriunga.

Istilahi hii twaisifu. Ubwiri ni neno la maradhi ya mimea yatokanayo na kuvu. Unga ni dalili yenyewe. Basi jina limebeba kipimo chake: pasipo unga, usiseme ubwiriunga. Wengine husema ukungu tu. Si kosa, ila katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako ukungu wa asubuhi si jambo geni, asikiaye kwamba ukungu umeingia shambani huenda akadhani anaelezwa hali ya hewa.

Tatizo kubwa ni neno dawa. Salfa ya unga huzuia kuvu. Haimwui mbu wa mikorosho (ambaye, licha ya jina lake, si mbu), mdudu afyonzaye machipukizi na maua na kuyaachia madoa meusi hadi yakauke. Aliyeambiwa "piga dawa", naye ana mfuko wa salfa, atapuliza salfa, na mdudu ataendelea kufyonza. Fedha zimekwisha, na maua pia.

Wanaistilahi wamekwisha kutoa kiuatilifu, na chini yake kiuakuvu, kiuadudu na kiuagugu. Kwa muundo maneno haya hayana ila. Hata hivyo tukiri kwamba yanaishi zaidi vitabuni kuliko midomoni. Mkulima husema dawa ya wadudu, nasi hatuoni haja ya kumnyang'anya neno hilo, maana limetaja adui. Dawa ya maji ndiyo isiyotosha, kwa kuwa yaeleza hali ya dawa, si kazi yake: iko ya maji iuayo kuvu, na iko ya maji iuayo wadudu.

Liko jambo jingine. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani ili vumbi ligande, tena kabla ugonjwa haujaenea. Hapo neno dawa hupotosha mara ya pili, kwani mtu hutafuta dawa akiisha kuugua. Twapendekeza iitwe kinga ya ubwiriunga. Wakulima wa Masasi na Newala na walijaribu kwanza katika kuulizana na kujibizana kwao, kabla halijaingizwa katika orodha yoyote.